Sura ya Sita: Kabla Hajawa Vampaya

Mnamo mwaka 1978 hivi, Mmarekani kijana aitwaye Tracy Hickman alikuwa mezani na wenzake wakicheza Dungeons & Dragons. Mhusika wake alikuwa akipita katika mahandaki ya kubuni, mlango baada ya mlango, kila chumba na zimwi lake. Alipokata kona moja akamkuta vampaya amesimama. Hakuna aliyeeleza katoka wapi wala anataka nini. Alikuwepo kwa sababu karatasi ya mwendesha mchezo ilimwandika pale, ili auawe, hazina yake ichukuliwe na watu waendelee na chumba kinachofuata. Hickman aliondoka na swali ambalo halikumtoka: huyu bwana alikuwa akifanya nini mle ndani?

Mkewe, Laura, alilipokea swali hilo wakalishughulikia pamoja. Walisoma simulizi za wanyonya damu, wakatazama filamu za zamani, kisha wakaanza kutunga mchezo wao wenyewe waliouita Vampyr. Kwa miaka mitano, kila ilipofika Halloween mwishoni mwa Oktoba, waliuchezesha kwa marafiki na kuurekebisha. Mwaka 1983 kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, iliutoa kama kijitabu cha kurasa 32 chenye jina Ravenloft. Ndani yake alikuwamo kabaila Strahd von Zarovich, na tangu hapo ni maadui wachache katika michezo ya aina hii walioandikwa, wakafutwa, wakaandikwa upya mara nyingi kama yeye.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hiyo, mchezo wenyewe hauna ubao wa kushinda wala mstari wa kumalizia mbio. Watu wachache wanakusanyika. Mmoja ndiye mwendesha mchezo: anaeleza dunia ilivyo, anawasemea wanakijiji, anawapigania maadui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, shujaa, mchawi au mwizi, na kila wanapojaribu jambo la mashaka dadu ndizo zinazoamua. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1974, lakini vampaya aliwatangulia. Katika michezo ya majaribio ambayo Arneson aliiendesha huko Minnesota, mhusika wa mchezaji mmoja aligeuka vampaya aliyeitwa Sir Fang, akawa na nguvu kiasi kwamba ilibidi abuniwe mhusika wa aina mpya wa kumkabili: kasisi mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu wanaotembea. Kasisi huyo yumo kwenye kanuni za mchezo hadi leo. Vampaya mmoja alibadili kanuni za mchezo mzima, na hata hivyo hakuwa na historia ya kueleweka.

Kinachomtofautisha adui wa mezani na adui wa riwaya ni kwamba huyu wa mezani anaulizwa maswali. Msomaji wa riwaya hawezi kumkatiza mwandishi. Mchezaji anaweza, tena hukatiza pale pasipotarajiwa: anamuuliza mlinda lango kama bwana mkubwa amewahi kuoa, anataka kujua nani alilipia madirisha ya kanisa, anafungua sanduku ambalo hakuna aliyefikiria lina kitu. Kwa hiyo maisha ya zamani ya vampaya wa mchezo hayatungwi ili yasomwe kwa sauti kama hotuba. Yanatungwa ili popote mchezaji atakapochimba, akute kitu.

Strahd wa 1983 alipewa yafuatayo. Alikuwa mpiganaji aliyeteka bonde la Barovia kwa upanga. Humo akakaa katika kasri lake. Ujana wake uliishia vitani. Mdogo wake, Sergei, mwenye sura nzuri na moyo mwepesi, akaja kuishi naye, akampenda msichana wa kijijini aitwaye Tatyana. Strahd naye akampenda. Tatyana alimwona kama kaka mkubwa, mzee wa kuheshimiwa. Siku ya harusi Strahd alifanya mapatano na mauti yenyewe, akamuua mdogo wake. Tatyana alikimbia akajirusha kutoka kwenye kuta za kasri. Walinzi walimmiminia Strahd mishale, na hakufa.

Kama hadithi ya kusomwa, si jambo jipya. Ndugu kumwua ndugu kwa wivu ni kisa cha zamani kuliko maandishi. Ustadi wa akina Hickman uko katika namna walivyoileta historia hiyo mpaka mezani. Wachezaji wanapofika kijijini hawasimuliwi habari za Tatyana. Wanakuta nyumba ya mkuu wa kijiji imezibwa madirisha, kuta zake zina alama za makucha, na ndani jeneza la mkuu huyo bado halijazikwa. Binti aliyemlea, Ireena Kolyana, ana alama za meno shingoni: amekwisha kuumwa mara mbili. Anaomba jambo dogo tu, kusaidiwa kumpeleka baba yake makaburini. Ni baadaye kabisa, katika vyumba vya juu vya kasri, wachezaji wanapokutana na picha ya mwanamke aliyekufa zamani na kuona uso wa msichana waliyembebea jeneza la baba yake.

Hapo mambo ya kale yanakuwa mambo ya leo jioni. Strahd anataka kumrudia Tatyana kupitia Ireena, na njiani kwake wamesimama wachezaji. Mwendesha mchezo hana haja ya kueleza kwa nini vampaya amekuja usiku ule kwenye dirisha lile.

Kuna hila ya pili. Kisa cha mauaji ya harusi kimo katika kitabu kilichofichwa mahali fulani kwenye kasri, na aliyekiandika ni Strahd mwenyewe. Anayekisoma kwa makini anaona jinsi anavyojitetea. Analalamikia uzee na ujana uliopotea. Mauaji ya mdogo wake anayapitia haraka, na kinachomuuma ni kwamba msichana alimkimbia. Wachezaji wanapata ukweli wa matukio pamoja na uongo wa moyo, na wanalazimika kuvitenganisha wao wenyewe. Hii ni kazi nzuri kuliko mzimu wowote wa hekima unaojitokeza kuwaeleza wageni yaliyotokea.

Na ya tatu ni karata. Mwanzoni mwa mchezo wanakutana na mtabiri, Madam Eva, anayewapangia karata. Mwendesha mchezo anazichanganya kweli na kuzifunua kweli, na zilizotoka ndizo zinazoamua kitabu kile kimefichwa wapi, silaha za kumwangamiza zimewekwa wapi, Strahd mwenyewe atakutwa chumba gani, hata nia yake kuu usiku ule ni ipi. Mwaka 1983 zilitumika karata za kawaida zinazouzwa dukani. Toleo la 2016 lilitumia karata zake maalumu 54. Vyovyote vile, kijitabu kimoja kiliweza kutoa ma-Strahd kadhaa. Yaliyompata zamani hayakubadilika, ila anachokitafuta sasa kilibadilika, na mchezaji aliyewahi kuucheza mchezo huo hakuweza kuwaharibia wenzake.

Baada ya hapo ikaja miaka ya maelezo. Mwaka 1990 Bruce Nesmith na Andria Hayday waliipanua Barovia kuwa sehemu ya dunia nzima ya kutisha, kila nchi ikiwa jela ya mwovu wake, na juu yao nguvu za giza zisizo na jina. Mwaka 1991 Christie Golden alitoa riwaya ya vampaya mwingine, Jander Sunstar, anayeishi ndani ya kasri la Strahd na kugundua taratibu alivyo mwenyeji wake. Mwaka 1993 P. N. Elrod alimwachia Strahd asimulie maisha yake mwenyewe kwa kitabu kizima. Mwaka 2016 Christopher Perkins aliongoza uandishi wa Curse of Strahd, kitabu cha kurasa 256, akina Hickman wakiwa washauri. Humo msomaji anaelezwa hata hekalu ambamo Strahd alipewa uvampaya wake, na nguvu iliyompa inaitwa Vampyr, jina lile lile la mchezo wa awali.

Je, maelezo hayo yote yamemfaidi? Kwa kiasi. Kitabu cha 2016 ni kizuri na kimewapa watu wengi jioni za kukumbukwa. Lakini lile hekalu limepunguza kitu. Mwaka 1983 mapatano na mauti yalikuwa tundu jeusi katikati ya kisa: hakuna aliyejua alizungumza na nani, wala kama alizungumza na yeyote zaidi ya wivu wake. Mlango ulipofunguliwa na ndani akaonekana mtoaji, swali likafungwa. Adui wa ajabu anahitaji angalau chumba kimoja ambacho mwandishi wake mwenyewe hajakiwasha taa.

Bram Stoker alilijua hilo. Katika Dracula ya 1897 hakuna ukurasa unaosema kabaila huyo alivyogeuka vampaya. Yapo makombo tu. Anajivunia vita vya ukoo wake dhidi ya Waturuki kwa namna ya mtu aliyekuwepo. Profesa Van Helsing anataja kwamba wa ukoo huo walisoma Scholomance, shule ya shetani milimani, ambako kila mwanafunzi wa kumi huchukuliwa kuwa malipo. Kombo hilo Stoker alilitoa kwenye makala ya Emily Gerard ya mwaka 1885 kuhusu imani za watu wa Transylvania, na jina Dracula alilikuta mwaka 1890 katika mji wa Whitby, ndani ya kitabu cha William Wilkinson cha mwaka 1820. Kabla ya hapo, kwenye daftari lake, mhusika aliitwa Count Wampyr. Stoker hakuwahi kufika Transylvania. Alikusanya vipande vya kweli, akaviweka mbali mbali, akaacha wasomaji waunganishe, na kwa zaidi ya miaka 120 hawajaacha kuunganisha.

Kumbukumbu za kweli za Ulaya ya mashariki zina utajiri ambao watungaji wengi wa michezo hawaugusi. Mwaka 1732 daktari wa jeshi la Austria, Johann Flückinger, aliandika ripoti ya uchunguzi wa makaburi katika kijiji cha Medveđa, Serbia. Wanakijiji walimweleza habari za Arnold Paole, aliyekufa miaka kadhaa nyuma kwa kuanguka kutoka kwenye gari la majani makavu. Paole akiwa hai alisema amesumbuliwa na vampaya upande wa Waturuki, na ili apone alikula udongo wa kaburi la vampaya huyo na kujipaka damu yake. Ndani ya habari hiyo hakuna kasri wala joho jeusi. Yuko mtu wa kawaida aliyetafuta dawa, na dawa ikawa ndiyo mlango. Udongo mdomoni mwa mtu aliyeogopa unatosha kuanzisha mchezo wa miezi sita.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu zaidi, nao unafundisha jambo tofauti. Uvumi wa mumiani ulisikika pwani, na Nairobi na Kampala za enzi za ukoloni watu walinong'ona kuhusu wazimamoto wanaokamata wapita njia na kuwatoa damu. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na batumbula wake. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2000. Mumiani hana utoto, hana mchumba aliyepotea, mara nyingi hana hata jina. Alichonacho ni kazi. Ana mwajiri, ana gari na vifaa, na damu ina inakokwenda: ikatengenezwe dawa. Watu hawakuuliza moyo wake umeumizwa na nini. Waliuliza analipwa na nani. Mwendesha mchezo anayetaka vampaya wa kutisha kweli aanzie hapo hapo, kwenye utaratibu wa kila siku wa mwovu wake: damu inapatikanaje, nani anafumba macho, nani anafaidika.

Tuchukue mfano wa kutungwa, tuuite Bibi wa Daraja. Kuna mto wenye kasi na daraja la mawe, kijiji kila upande. Anayevuka usiku huacha sarafu kwenye kibanda cha ushuru upande wa kaskazini. Asiyeacha huokotwa alfajiri, mweupe kama karatasi. Katika simulizi nyingi za Ulaya vampaya hawezi kuvuka maji yanayotiririka, na hapo pana fumbo la bure: mwanamke huyu anamiliki daraja ambalo yeye mwenyewe hawezi kulipita. Udhaifu wa vampaya ni chemchemi ya maswali, na kila kizazi kimeruhusiwa kuongeza wake. Dracula wa Stoker alitembea mchana bila kufa; ni filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922 iliyomuua vampaya kwa mwanga wa jua.

Wanakijiji wanasema Bibi alikuwa mke wa fundi mkuu. Daraja lilikuwa likibomoka kila usiku, hadi mafundi walipokubaliana kumjengea ndani ya nguzo mwanamke wa kwanza atakayeleta chakula. Kisa hiki nacho hakikuokotwa hewani: kuna simulizi za mke aliyejengewa ukutani huko Romania, Serbia na Ugiriki, nchi zile zile za wafu wasiotulia. Kasisi ana maelezo mengine. Kwenye daftari la kanisa Bibi ameandikwa kuwa mkandarasi wa ushuru, na wavushaji watatu wa mitumbwi walizama mwaka daraja lilipofunguliwa, wote usiku mmoja, mto ukiwa shwari. Bibi mwenyewe, akikubali kuzungumza, anasema fedha za ujenzi zilikuwa zake na mafundi walimdhulumu.

Kitu cha kukishika mkononi ni daftari la ushuru lililoko kibandani. Safu tatu: tarehe, jina, kiasi. Wino umegeuka kahawia. Kurasa za mwanzo ziliandikwa kwa unyoya, za mwisho kwa nibu ya chuma, lakini mkia wa kila herufi ya mwisho unapinda kushoto vile vile, kwa miaka 140. Majina machache hayana kiasi. Mahali pa kiasi pana alama ya dole gumba, na jina limekatwa kwa mstari mmoja uliopigwa kwa rula. Mchezaji mwenye subira akiyahesabu atakuta ni sita, na yote ni ya koo za mafundi. Daraja lina nguzo saba.

Sasa Bibi ana anachokitaka leo. Hakai tu kibandani akingoja mashujaa wamfuate. Anakusanya ushuru ili asome majina ya wapitaji, akitafuta ukoo wa saba. Zile simulizi tatu zinagombana juu ya sababu, lakini zote zinamweka kwenye kibanda kile na kalamu ile.

Wapo waendesha mchezo wanaopendelea kutoamua ukweli ni upi mpaka wasikie wachezaji wanaegemea wapi. Ni njia rahisi, na ina walakini mkubwa: dalili zilizotangulia zinakuwa hazikumaanisha chochote, na wachezaji werevu huhisi. Karata za Madam Eva ni bora. Andika simulizi zote tatu, chomoa moja kwa bahati kabla ya kikao cha kwanza, kisha panda dalili kwa uaminifu. Simulizi mbili zilizobaki hazipotei. Zinakuwa uongo ambao watu wa pale wana sababu ya kuuamini. Wanakijiji wanapenda kisa cha mke aliyejengewa kwa sababu kinawalaumu mafundi waliokufa zamani. Kasisi anapenda cha wavushaji kwa sababu kinaliondolea kanisa lake kosa la kumzika Bibi bila ibada.

Ikitokea kwamba karata imemchagua mke wa nguzoni, hatari mpya inaingia mezani, nayo ni huruma. Mwanamke alizikwa hai. Nani hatamwonea uchungu? Tracy Hickman aliandika utangulizi wa kitabu cha 2016 kulizungumzia jambo hili. Alirudi hadi kisa cha John Polidori cha mwaka 1819, ambacho vampaya wake alichorwa kwa mfano wa mshairi Byron, na kueleza kwamba vampaya bora ni onyo juu ya mtu mbinafsi anayejifunika vazi la mapenzi. Strahd anasikitisha, na bado alimuua ndugu yake na kumwinda msichana asiyemtaka. Akina Hickman walilinda ukweli huo kwa kumweka Ireena mbele ya macho: mtu mzima mwenye baba wa kuzika na matakwa yake. Bibi wa Daraja anahitaji kinga kama hiyo. Mwendesha mchezo amweke kijijini mjane wa ukoo wa sita, mwenye kitanda cha mtoto ambacho hakijaondolewa chumbani, na amtambulishe kwa wachezaji kabla hawajasikia habari za nguzo.

Huruma ina upande mwingine unaosahaulika, nao ni wale wanaomzunguka vampaya. Watu wa Madam Eva, Wavistani, walichorwa kwa kufuata dhana mbaya zilizozoeleka Ulaya kuhusu Waromani: wezi, walevi, watumishi wa shetani. Waromani ni watu halisi, na dhana hizo zimewagharimu maisha yao. Mwaka 2020 wachapishaji walikubali kosa hilo na kutoa toleo lililorekebishwa. Anayetunga kijiji cha darajani ana uhuru wote duniani, basi hana sababu ya kumpa vampaya wake watumishi kutoka kabila la jirani.

Inabaki ukoo wa saba. Kabla dadu haijarushwa hata mara moja, kila mchezaji anapotengeneza mhusika wake, mwendesha mchezo amuulize kazi ya babu yake. Mmoja atajibu seremala, mwingine askari, na karibu kila meza ina atakayesema mwashi bila kufikiri. Akikosekana, inatosha kumwomba mmoja akubali kuwa na nyundo ya urithi yenye alama ya ukoo kwenye mpini. Alama hiyo ichongwe pia kwenye jiwe la nguzo ya saba, upande unaotazama maji, ambako anayevuka kwa miguu haioni, ila aliyepanda mtumbwi. Mchezaji akiuliza sasa ni nani atakayewavusha kwa mtumbwi, mwendesha mchezo atakuwa na jibu: hakuna aliyefanya kazi hiyo tangu wale watatu walipozama, na mitumbwi yao bado imefunikwa kwa turubai nyuma ya nyumba ya kasisi.